Paa linavuja: nani alivunja vigae?

Najua mnangoja ile sehemu ya pili kuhusu hifadhidata, na itakuja. Leo naomba mniruhusu niandike kuhusu paa. Ndiyo, paa la nyumba, la vigae vya udongo, hapa kwetu Buruburu. Hadithi hii nimeiahirisha kwa muda mrefu kwa sababu inaniaibisha. Lakini kama wewe ni mwandishi wa programu, soma hadi mwisho, huenda ukajiona humu. Mimi nilijiona, na sikupenda nilichokiona.

Tuanze usiku mmoja mwishoni mwa Aprili 2024. Mnaikumbuka mvua ile. Mito ya Nairobi ilivunja kingo, watu wakapoteza maisha na makao, na shule zikachelewa kufunguliwa. Sisi shida yetu ilikuwa ndogo ukilinganisha na za wengine. Nilikuwa chumbani ghorofani, nimekaa mbele ya kompyuta nikitafuta hitilafu katika programu ya mteja, tone la maji likaanguka juu ya kibodi. Nikatazama juu. Dari lilikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama sinia, na katikati yake tone la pili lilikuwa linajikusanya.

Nikamwita mama. Akaja na karai, akalitazama doa, akaniambia, "Toa hiyo kompyuta yako kwanza. Dari halina haraka." Tukazima swichi kuu ya umeme kwa sababu doa lilikuwa karibu na taa, tukakaa gizani tukisikiliza tone likigonga karai. (Hilo la umeme litilieni maanani. Maji yakifika karibu na taa, zima kwanza, mengine baadaye.)

Asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, nilikuwa nimeshampata mkosaji. Mwezi wa Februari mwaka huo huo mama alikuwa amemwita Mzee atengeneze paa. Sitalitaja jina lake, nitamwita Mzee tu, maana ndivyo tulivyomwita tangu nikiwa mtoto. Ndiye aliyekuwa fundi wa marehemu baba. Alibadilisha vigae sita karibu na kilele cha paa, akatia simiti mpya pale juu, kwa makubaliano ya shilingi 9,000. Mama alilipa 6,000. Zilizobaki 3,000 zilikuwa zilipwe mwisho wa Aprili, tukishaona mvua imepita bila tone.

Basi nikampigia simu saa moja asubuhi. "Mzee, kazi yako imetutia hasara. Hizo elfu tatu sahau."

Alikuja hata hivyo, kwa miguu, na ngazi begani. Akalitazama lile doa kwa muda. Akaomba apande aangalie. Nikamkatalia. Nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, "Usipande tena, utazidi kutuvunjia." Hakubishana. Alisema tu, "Sawa. Lakini mahali maji yanapotokea si mahali yalipoingilia, mwanangu. Fuata njia yake." Akachukua ngazi yake akaenda. Mama alikuwa amesimama mlangoni na hakusema neno. Jioni ndipo aliponiambia, "Huyo mzee ni mmoja wa waliobeba jeneza la baba yako."

Nikanyamaza, lakini sikubadilisha mawazo. Nilikuwa na ushahidi. Mtu aligusa paa Februari, paa likavuja Aprili. Nani mwingine?

Kabla sijaendelea, wacha nieleze paa la vigae linavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nimeishi chini yake miaka yote hii bila kujua. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973 na ikaendelea kwa awamu tano hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukisimama juu ya jengo refu kando ya Barabara ya Mumias Kusini bado utaona mapaa yake mekundu, ingawa kila mwaka mengine yanapisha maghorofa ya kupangisha. Hatukuwa wa kwanza Makadara. Kule Kaloleni kuna nyumba za vigae zilizojengwa miaka ya 1940. Muundo wenyewe wa vigae hivi vya kushikana umetoka mbali zaidi. Aina mojawapo maarufu huitwa Mangalore, kwa jina la mji wa India ambako Misheni ya Basel ilifungua kiwanda cha vigae mwaka 1865, na vigae vya huko vilisafirishwa kwa meli hadi pwani yetu.

Kigae hakigundishwi. Nyuma yake kina meno mawili madogo yanayoshika ubao mwembamba uliopigiliwa kukingama boriti za paa. Ubavuni kina mfereji mdogo unaoingiana na mwenzake. Kila safu inalalia safu ya chini yake, kama magamba ya samaki. Hakuna kigae kinachozuia maji peke yake. Kila kimoja kinapokea maji ya cha juu na kuyakabidhi kwa cha chini, hadi kwenye gata. Kimoja kikishindwa kukabidhi, maji hupita kwenye ufa, huangukia ubao au boriti, halafu husafiri. Yanaweza kutembea mita mbili au tatu juu ya mbao kabla ya kupata mahali pa kudondokea. Doa la dari linakuonyesha mwisho wa safari. Mwanzo wake halikuambii.

Hayo sikuyajua. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho programa mchovu hufanya saa nane usiku, nikaweka kiraka mahali kosa linapoonekana. Nilipenya kwenye kile kitundu cha darini, nikapaka simiti upande wa ndani wa vigae vilivyokuwa juu ya doa. Kilidumu wiki mbili. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Udongo uliochomwa ukiwa mkavu hunyonya maji ya simiti kabla haijashika. Halafu mchana paa linapata moto, usiku linapoa, na simiti na kigae havinyooki wala havirudi kwa kiasi kimoja. Kiraka kigumu hujitenga chenyewe. Na zaidi ya hayo, vigae nilivyopaka havikuwa hata na ufa.

Mvua ikaisha. Siku moja ya Julai, jua la nadra likatoka, nikaamua kufanya kazi hii kama ninavyofanya kazi yangu. Nilipanda darini saa sita mchana, nikakanyaga boriti tu (ubao wa dari haumbebi mtu), nikazima tochi, nikangoja macho yazoee giza. Mwanga kidogo kwenye maungio ya vigae ni kawaida. Nilichokuwa nikitafuta ni mwanga usio wa kawaida, uzi mwembamba unaokatiza katikati ya kigae. Nilipata sita.

Lakini ufa mwingine ni mwembamba kiasi kwamba hata mwanga haupiti. Hapo nikatumia mbinu ambayo kila mama anayenunua chungu sokoni anaijua, nikavigonga kwa ukucha. Kigae kizima hulia kama kikombe. Kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Nikapata vingine vitano. Kisha nikamwomba mama anisaidie na mpira wa maji kutoka kwenye kibaraza cha nyuma. Tulianza safu ya chini kabisa, dakika kadhaa, kimya, tukapanda safu moja, tukangoja tena. Sharti uanze chini, kwa sababu ukianza juu maji yatalowesha safu zote na hutajua ni ipi iliyokusaliti. Tulipofika safu ya saba, maji yakaingia, yakashika boriti, yakateremka polepole hadi juu kabisa ya lile doa. Kutoka yalipoingilia hadi yalipodondoka ilikuwa zaidi ya mita mbili.

Nikashuka na daftari langu la miraba. Safu nikazihesabu kutoka kwenye gata, nguzo kutoka kwenye ukuta wa jirani. Vigae kumi na kimoja, nikavitia alama ya msalaba kila kimoja mahali pake. Halafu nikakaa kitandani nikautazama ule mchoro.

Havikuwa vimetapakaa. Vilikuwa vimepangana. Mstari ulianzia juu ya slabu ya jikoni, mahali unapoweza kuparamia paa bila ngazi ndefu, ukapanda kwa mshazari hadi kwenye nguzo ya antena yangu ya intaneti. Kati ya msalaba na msalaba palikuwa na umbali wa hatua moja ya mtu.

Vile vigae sita vya Mzee vilikuwa upande mwingine kabisa wa paa. Vyote vizima. Nilikuwa nimevigonga pia, na vyote vililia kama kikombe.

Antena hiyo niliiweka mwenyewe mwaka 2020. Korona ilikuwa imeingia Kenya mwezi wa Machi, nilikuwa nimetoka tu chuoni na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, na nilikuwa nimepata kibarua cha kwanza cha kufanya nikiwa nyumbani. Mtandao ulikuwa unakatika kila mara chumbani. Nikapanda. Binamu yangu alinipiga picha akiwa chini, na picha hiyo nilikuwa bado nayo. Nikaitafuta kwenye simu. Nipo pale nimevaa gambuti, nimeshika nguzo, natabasamu, na mguu wa kulia uko katikati kabisa ya kigae, mahali ambapo chini yake hakuna kitu ila hewa.

Kisha nikakumbuka sauti. Siku ile nilisikia "tak". Nikasimama, nikaangalia, sikuona kitu, nikaendelea. Nilisikia tena wakati wa kushuka. Ilikuwa ni onyo, nami nilifanya lile tunalofanya na maonyo ya kompaila. Programu si inafanya kazi? Basi twende mbele. Na kweli ilifanya kazi, karibu miaka minne. Ufa mwembamba hauvuji siku ya kwanza. Mvua ndogo hupita juu yake. Jua na baridi huupanua kidogo kidogo, vumbi linaingia, hadi ije mvua kama ya 2024 yenye upepo wa kuyasukuma maji ndani.

Wenzangu wa programu mnaijua Git, ile zana aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 ya kutunza historia ya msimbo. Ina amri inayoitwa blame, yaani lawama. Unaipa faili, inakuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Sisi sote tumewahi kukutana na mstari wa ovyo, tukacheka, tukaiendesha amri hiyo ili tumjue huyo mjinga, tukakuta jina letu. Kazini huwa ni mzaha wa dakika mbili. Safari hii mjinga alikuwa amemnyima mzee wa watu shilingi 3,000 na kumfukuza mlangoni kwa mama yake.

Nitawaambia ukweli. Kwa siku tatu niliwaza kuvibadilisha vigae kimyakimya. Nani angejua? Mama asingepanda kuhesabu. Mzee alikuwa ameshaondoka. Mvua ingekuja, nyumba ingekuwa kavu, na mimi ningekuwa kijana hodari aliyerekebisha kilichomshinda fundi. Hiyo ndiyo hatari ya kosa ambalo ushahidi wake uko mikononi mwako peke yako.

Siku ya nne mama alinikuta na ule mchoro, akauliza ni mchezo gani. Nikamweleza. Aliutazama, akaniuliza swali moja tu, "Umeshamwambia?"

Nilimkuta Mzee upande wa Mutindwa, amekaa na mafundi wenzake wakingoja kazi. Nikamsalimu, nikaomba tusogee kando, akakataa kusogea. Kwa hiyo nilisema mbele ya wote. Kwamba vigae vyake ni vizima, kwamba waliovunjika ni wangu, niliwakanyaga mimi. (Ndivyo nilivyosema, "waliovunjika", ulimi ulikuwa umeniponyoka.) Nikampa zile 3,000. Akazihesabu, akazitia mfukoni, akasema, "Hizi zilikuwa zangu. Sasa ile simu ya asubuhi utailipaje?"

Sikuwa na jibu. Akanitazama hadi nikaangalia chini, kisha akasema, "Utanishikia ngazi. Siku mbili. Na kazi yangu utanilipa bei yangu."

Kwa hiyo yafuatayo si ya kwangu, ni ya Mzee. Nayaandika kwa sababu wengi wenu mnaishi chini ya vigae.

Kwanza, tafuta vigae vya kubadilishia kabla ya kupanda. Usiende dukani na picha ya simu, nenda na kipande chenyewe. Vigae vya leo na vya miaka ya 1970 vinaweza kufanana kwa macho na visishikane, kwa sababu mfereji umetofautiana milimita chache tu. Ni kama toleo jipya la programu lisilosoma faili za zamani. Sisi tulivipata mtaani kwetu, kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa ili ijengwe ghorofa. Tulichukua ishirini, kumi na kimoja vya kazi na vingine vya akiba. Mzee alivigonga kimoja kimoja kabla ya kulipa.

Pili, siku iwe kavu na vigae viwe vikavu. Kigae chenye ukungu wa kijani kikilowa huteleza kama sabuni. Ngazi ifungwe juu, mtu aishike chini, na anayepanda afungwe kamba kwenye kitu imara. Nyumba yetu ni ya ghorofa. Ukianguka, hapo huna cha kurekebisha.

Tatu, mahali pa kukanyaga. Hili ndilo sikulijua mwaka 2020. Kanyaga ukingo wa chini wa kigae, pale kinapolalia kigae kingine, kwa sababu hapo uzito unashuka hadi kwenye ubao. Usikanyage katikati kamwe. Mzee aliweka pia ubao mrefu wenye vipande vilivyopigiliwa kama ngazi, ulioning'inizwa kutoka kileleni, ili uzito usambae.

Nne, kutoa na kuingiza. Vigae viwili vya juu vinainuliwa kidogo na kushikiliwa kwa kabari za mbao. Kile kilichopasuka kinainuliwa meno yaachie ubao, kinavutwa chini taratibu. Kipya kinasukumwa juu hadi meno yapite ubao, kinashushwa kidogo mpaka ukisikie kimeshika. Kabari zinatolewa. Hakuna simiti wala gundi. Kimoja kilituchukua kama dakika kumi, na cha kumi na moja dakika tatu.

Tano, kama huna kigae cha kubadilishia na ufa ni mwembamba, kitoe, kisugue kwa brashi ya waya, kiache kikauke kabisa, kisha ujaze ufa upande wa nyuma kwa silikoni ya nje, ile inayonyumbuka. Kiandike tarehe. Hicho ni kiraka, na kiraka ni deni. Simiti isitumike hapo.

Na onyo moja la mwisho. Kama paa lako si la udongo bali ni la zile shiti ngumu za kijivu za asbesto, usilikate, usilitoboe, usilisugue. Vumbi lake huingia mapafuni na kuua baada ya miaka mingi. Hiyo si kazi ya nyumbani, ni ya watu wenye leseni ya kuishughulikia.

Siku ya pili jioni tulipomaliza, Mzee aliing'oa antena yangu akaniambia niifunge ukutani. Mtandao umepungua kasi kidogo, sikatai. Mama alimpikia chai, wakakaa kibarazani wakizungumza habari za baba, habari ambazo mimi sikuwa nazijua. Nilipotaka kuingilia, Mzee akanituma nikaoshe kabari.

Mvua ya vuli ya mwaka huo ilikuja, na masika yaliyofuata, na wiki iliyopita ilinyesha tena usiku kucha. Nililala hapa hapa chini ya lile doa, ambalo mama amekataa nilipake rangi. Hakuna tone.

Kitu kimoja nimekiongeza mwenyewe. Darini, kwenye boriti iliyo karibu na kitundu, nimebandika karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Kila anayepanda juu ya paa hili, awe fundi, awe mtu wa antena, awe mimi, anaandika tarehe, alichofanya, na alipokanyaga. Ina mistari mitatu mpaka sasa. Wa tatu ni wa Mzee pamoja nami, Julai 2024. Wa pili ni wake peke yake, Februari 2024, na mbele yake nimeandika: kazi safi. Wa kwanza ni wa 2020, na una jina langu.